Tyubu ya amonia chini ya taa ya ukumbini: uchambuzi wa kisa kimoja cha tangi la samaki, mjini Unguja

Kisa hiki kinaelezwa kwa ridhaa ya familia yenyewe. Majina, mtaa na kila kinachoweza kuitambulisha nyumba vimeondolewa. Vipimo na mfuatano wa mambo vimebaki kama vilivyokuwa.

Usuli

Nyumba iko Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Mwenye tangi ni mama mshonaji, na cherehani yake imewekwa karibu na mlango wa mbele. Tangi la lita 80 hivi liko ukumbini, ukuta wa ndani kabisa, mahali ambapo hata mchana pana kiza kiza. Mtoto wa kaka yake, kijana wa sekondari anayeishi naye, ndiye aliyeliomba tangi hilo, akalijaza, na ndiye aliyekuwa akipima maji.

Samaki walikuwa tisa: watano wa dhahabu na moli wanne. Waliingizwa wote siku moja, siku chache tu baada ya tangi kujazwa. Chujio lilikuwa la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Maji yalitoka kwenye tangi la juu ya paa, ambamo huchanganyika ya mfereji na ya kisima. Anayeijua ardhi ya Unguja anajua maana yake. Kisiwa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, maji hupita kwenye chokaa kabla ya kufika kisimani, na aghalabu huwa magumu na yenye kuelemea upande wa alkali. Birika la chai lenye utando mweupe ndani ni ushahidi wa kutosha.

Sanduku la vipimo lilitoka Dar es Salaam kwa jamaa. Lilikuwa la vipimo vya matone: pH (kiwango cha asidi au alkali ya maji), pH ya juu (kwa maji ya alkali), amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki), nitraiti na nitreti (ambazo bakteria huzitengeneza kutokana na amonia), pamoja na tyubu za kioo. Kilichokosekana ni kadi ya rangi, ile ya kulinganishia rangi ya tyubu ili kupata namba. Muuzaji alipoulizwa alituma picha ya kadi kwa WhatsApp, na tangu siku hiyo picha hiyo kwenye simu ndiyo ikawa kadi.

Jambo moja zaidi lina uzito katika kisa hiki. Kijana alikuwa amesoma kwamba majani makavu ya mti wa mkungu huwafaa samaki na hupunguza pH. Mkungu uko nje ya nyumba yao. Aliokota majani mengi, akayaosha, akayatia. Baada ya siku kadhaa maji yalikuwa na rangi ya hudhurungi iliyoonekana wazi kwenye kioo.

Mfuatano wa matukio

Wiki ya pili maji yaliingia ukungu. Kijana alilitoa sponji na kulisuuza vizuri kwenye mfereji. Asubuhi zilizofuata samaki wa dhahabu walionekana juu ya maji wakitweta, mashavu yakienda mbio, na mmoja akawa amelala chini ubavu.

Vipimo vilifanywa usiku, baada ya Isha, chini ya balbu ya mwanga wa njano. Simu iliwekwa mezani, picha ya kadi imefunguliwa, na tyubu zimesimamishwa mbele yake. Matokeo aliyoyaandika daftarini ni haya: amonia sifuri, "labda 0.25", nitraiti sifuri, nitreti sifuri, pH 6.8.

Shangazi yake alikuwapo. Kwa maneno ya kijana mwenyewe, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Shangazi, amonia hamna. Ni njano."

"Hiyo mwanangu mie naiona ina ukijani."

"Ni taa hiyo."

Kwa kuwa vipimo vilisema maji ni salama, waliona tatizo ni pH iliyoshuka, na wakadhani majani ya mkungu yamefanya kazi kupita kiasi. Moli ni samaki wa maji magumu, kijana alilijua hilo. Akatia magadi ya jikoni, kidogo usiku ule na kidogo tena usiku wa pili. Baada ya usiku huo wa pili walikutwa samaki wawili wa dhahabu wamekufa, na kabla ya adhuhuri moli mmoja.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu. Ilitangulia picha ya tyubu nne mezani, zimepigwa na mwanga wa simu.

Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoisoma picha ile kabisa. Kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe ili kitu cheupe kionekane cheupe, na tyubu ya njano mbele ya ukuta wa malai inaweza kutoka ya rangi yoyote. Ningetoa jibu, lingekuwa la kubahatisha.

Uamuzi wa pili ulikuwa kubadilisha thuluthi ya maji siku ile ile, bila kungoja kipimo. Tangi jipya, samaki wengi walioingia pamoja, sponji lililosuuzwa kwa maji ya mfereji, samaki wanaotweta: dalili hizo zinatosha kushuku amonia hata kama karatasi imeandikwa sifuri. Sponji ndimo wanamokaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti na nitraiti kuwa nitreti. Katika tangi jipya bado ni wachache, na kusuuza kwa nguvu, tena kwa maji yanayoweza kuwa na klorini, kuliwapunguza zaidi. Maji yaliyotumika ni yale yaliyolala kwenye ndoo tangu jana yake. Chakula kikasimamishwa, magadi yakarudishwa jikoni, na majani ya mkungu yakatolewa.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kurudia vipimo vyote asubuhi yake, barazani, kwenye kivuli, nami nikiwa na kadi ya kuchapishwa ya sanduku la aina ile ile. Tulipanga tyubu za maji ya namna tatu: ya tangi, ya ndoo, na maji ya kunywa ya chupa ya dukani. Ya chupa hayakuwa na kazi nyingine ila kutuonyesha njano ya sifuri inavyoonekana kwa macho yetu, kwa mwanga ule, kwa dawa zile zile za vipimo.

Tulipoziweka tyubu hizo tatu za amonia juu ya karatasi nyeupe, kijana alinyamaza. Ya chupa na ya ndoo zilikuwa njano safi. Ya tangi ilikuwa kijani. Hapakuhitajika hata kadi kujua kwamba hazifanani. Kwa kadi tulikubaliana miligramu 1 kwa lita, na hiyo ni baada ya thuluthi ya maji kubadilishwa, kwa hiyo siku iliyotangulia ilikaribia 1.5. Nitraiti ilikuwa imeanza, 0.25. pH kwa kichupa cha kawaida ilikuwa buluu ya mwisho wa kadi, 7.6, baada ya kuiondolea rangi ya majani kwa njia nitakayoieleza. Kichupa cha pH ya juu kilikuwa bado hakijafunguliwa. Tulipokitumia, maji ya ndoo yalitoa 8.0 na ya tangi 8.4.

Matokeo

Alikufa samaki mmoja zaidi wa dhahabu siku ile. Watano walibaki. Robo ya maji ilibadilishwa kila siku kwa wiki nzima, chakula kikawa kidogo na kwa kuruka siku, sponji halikuguswa. pH ilirudi 8.0 yenyewe kadiri maji yenye magadi yalivyotoka.

Amonia ilishuka, na kama ilivyotarajiwa nitraiti ikapanda. Katika hatua hiyo tulitia chumvi, gramu 1 kwa kila lita, ile ya mabonge inayotoka Pemba, ikayeyushwa kwanza kwenye ndoo. Kloridi ya chumvi huizuia nitraiti isiingie kwenye damu kupitia mashavu, na samaki wa dhahabu na moli wote wanaistahimili kwa kiwango hicho. Baada ya mwezi mmoja na ushei amonia na nitraiti zilisoma sifuri mfululizo, na watano hao wako hai.

Uchambuzi

*Kwa nini 6.8 ilikuwa hatari kuliko sifuri*

Wengi wakisikia kisa hiki hushika kosa la amonia. Mimi naona kosa zito zaidi lilikuwa la pH, kwa sababu hilo ndilo lililotia mkono kwenye gunia la magadi.

Kipimo cha amonia hupima jumla ya aina mbili zinazoishi pamoja majini: amonia huru, ambayo ndiyo sumu, na amoniamu, ambayo makali yake ni madogo sana. Kinachoamua mgawanyo wao ni pH na joto. Kwa maji ya nyuzi 28, kama yalivyo ya ukumbini kwetu, hali ni hivi: pH ikiwa 6.8, amonia huru ni kama asilimia 0.4 ya jumla. Ikiwa 8.0 ni kama asilimia 6.5. Ikiwa 8.4 inafika 15. Maana yake ile miligramu 1 tuliyoiona ingekuwa na amonia huru ya miligramu 0.004 tu kwa lita kama kweli pH ni 6.8. Kwa 8.4 ni 0.15, na samaki huanza kudhurika kwa kiasi cha chini sana ya hapo. Magadi hayakuongeza hata chembe ya amonia. Yaliigeuza iliyokuwamo ikawa ile inayoua.

Kwa hiyo "6.8" ya daftarini ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Ilimtuliza kijana kwamba hata kama ipo amonia kidogo haitaleta madhara, na ikamsukuma kutia kitu kilichoifanya ilete madhara makubwa.

*Majani ya mkungu*

Rangi ya kipimo cha pH cha kawaida, bromothimoli, ni njano kwenye 6.0, hupita kwenye kijani, na hufika buluu kwenye 7.6. Sasa weka buluu hiyo ndani ya maji ya hudhurungi. Jicho litaona kijani, na kijani kwenye kadi ni 6.8. Majani yaliitia rangi tyubu, na kijana akadhani yameshusha pH. Majani ya mkungu hushusha pH kweli katika maji laini, yasiyo na chokaa. Katika maji yetu ya jiwe la matumbawe chokaa huimeza asidi ile kidogo, na pH haisogei kwa kiasi cha kutajwa.

Sisemi majani ni mabaya. Mwenye kuyapenda ayatumie. Ila ajue kwamba tangu siku hiyo kila tyubu ya tangi lake ina rangi mbili, ya dawa na ya maji.

Njia ya kuitoa rangi ya maji ni rahisi. Chukua tyubu mbili za maji ya tangi. Moja tia dawa, nyingine usitie kitu. Ile yenye dawa ishike juu ya sehemu nyeupe ya kadi. Ile isiyo na dawa ipitishe juu ya viraka vya rangi, uvitazame viraka kupitia maji yake. Sasa pande zote mbili zina uhudhurungi ule ule, na unacholinganisha ni dawa peke yake. Tulipofanya hivyo barazani, kijani cha kijana kililingana na kiraka cha 7.6 bila ubishi. Kwa amonia, nitraiti na nitreti ipo njia nyingine: changanya nusu ya maji ya tangi na nusu ya maji ya chupa, pima, kisha zidisha jibu kwa mbili. Rangi ya majani hupungua nusu. Kwa pH usifanye hivyo, maana ukichanganya maji umebadilisha chenyewe unachokipima.

Kulikuwa na ishara ambayo ingeweza kuwaamsha usiku ule ule. Nitraiti ikiwa sifuri tyubu hutoa buluu ya anga. Yao ilitoa buluu yenye ukijani, rangi ambayo kwenye kadi ya nitraiti haipo popote, kwa sababu kadi hiyo huanzia buluu na kuelekea zambarau. Kijana alichagua kiraka kilichokaribia, sifuri, na ikatokea kuwa ni kweli. Lakini rangi isiyokuwepo kwenye kadi ni habari yenye thamani kuliko namba. Inasema kuna kitu kingine ndani ya tyubu, na mahali pa kuanzia ni kuuliza ni nini.

*Balbu na skrini*

Njano ya amonia sifuri ni rangi ya dawa zenyewe. Amonia ikiwepo hutengeneza rangi ya kijani-buluu, na mchanganyiko wake na ile njano ndio kijani tunachokisoma. Kipimo chote basi kinategemea jicho kuona ukijani mdogo juu ya njano, na balbu ya njano huufuta ukijani huo huo.

Kama wangekuwa na kadi ya karatasi, hasara isingekuwa kubwa hivyo. Balbu ingeipiga kadi na tyubu sawasawa, zote mbili zingeegemea njano, na kulinganisha bado kungekuwa na maana. Skrini ya simu inatoa mwanga wake yenyewe, mweupe wenye ubuluu, na balbu ya ukumbini haiigusi. Viraka vya kwenye simu vilibaki na ukijani wao wote, tyubu ikapoteza wake. Lazima tyubu ionekane ya njano kuliko ilivyo, na lazima jibu liwe dogo kuliko ukweli. Simu nyingine yenye kichujio cha usiku kilichowashwa, kile kinachoitia skrini unjano, ingewapeleka upande wa pili, ikaonyesha amonia mahali isipokuwepo. Picha ya kadi haiwezi kuwa kadi, hata ikiwa na ubora gani.

Mama mwenye nyumba aliuona ukijani. Sishangai. Akitafuta uzi wa kushonea kitambaa, huvichukua vyote viwili hadi mlangoni na kuvigeuza geuza kwenye mwanga wa nje kabla ya kukata. Anafanya hivyo kila siku kwa kazi ambayo kosa lake ni pindo kuonekana. Jicho lake lilikuwa limezoea, na hakuna aliyelisikiliza. Tangu hapo utaratibu wa nyumba ile ni kwamba watu wawili husoma kila tyubu kimya kimya, kila mmoja anaandika yake, kisha wanalinganisha. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo: kushindwa kutofautisha kijani na nyekundu ni jambo la kurithi linalowapata wanaume zaidi, na wapo wanaofika utu uzima bila kujua wanalo. Kijana tulimjaribu kwa nyuzi za shangazi yake na hana tatizo hilo. Lake lilikuwa taa na simu.

Kivuli cha barazani kati ya saa mbili na saa nne asubuhi ndicho ninachokipendekeza. Jua la moja kwa moja haliifai kazi hii, maana hung'arisha kioo na kuifanya rangi ionekane nyepesi. Tyubu ishikwe ikigusa sehemu nyeupe ya kadi. Ikiinuliwa mbali na kadi, rangi hukolea au kufifia kutegemea kilicho nyuma yake. Na dakika tano zilizoandikwa kwenye maelekezo ni tano, kwa sababu dawa huendelea kufanya kazi na baada ya nusu saa unasoma rangi nyingine.

*Namba ya ukingoni*

Hata bila majani, kichupa cha kwanza cha pH kisingewapa ukweli. Kadi yake inaishia 7.6, na maji ya 7.6, ya 8.0 na ya 8.4 yote yatatoa buluu ile ile. Rangi ikifika kiraka cha mwisho, jibu sahihi la kuandika ni "7.6 au zaidi", kisha ufungue kichupa cha pH ya juu, ambacho husoma kutoka 7.4 hadi 8.8. Kwa Unguja na Pemba ningesema anza nacho kabisa. Pia acha maji ya kisima yalale usiku mmoja kabla ya kuyapima. Yakitoka ardhini huwa na hewa ya ukaa iliyoyeyuka, na ikishatoka pH hupanda.

*Kilichofaa*

Kubadilisha maji kabla ya kupata namba ndiko kulikookoa walio hai, hilo sina shaka nalo. Kupima maji ya ndoo kulituepusha na mjadala mrefu: kama ndoo ina 8.0 na tangi lina 8.4, tofauti imeletwa na kilichotiwa ndani, na kilichotiwa kinajulikana. Maji ya chupa yalifanya kazi kubwa kuliko bei yake. Hata asiye na kadi kabisa akiwa na tyubu ya maji ya chupa kando ya tyubu ya tangi, kwenye kivuli, anaweza kujua kama amonia ipo au haipo. Kiasi hatakijua, lakini kwa kuamua kubadilisha maji leo, kiasi hakihitajiki.

*Nitreti*

Lilibaki jambo moja ambalo halikumuua samaki yeyote, ila lingewasumbua baadaye. Kichupa cha pili cha nitreti kina unga unaotuama chini na kushikamana, na maelekezo yanataka kitikiswe kwa nguvu sekunde 30, kisha tyubu yenyewe itikiswe dakika nzima. Unga huo ndio unaogeuza nitreti kuwa nitraiti ili rangi itokee. Usipotikisika, matone yanayodondoka ni maji tu. Maji ya tangi yalipokuwa yametulia, kijana alipima kwanza bila kutikisa kichupa, akapata 5. Akakigonga kwenye kiganja hadi akasikia unga umeachia, akatikisa kwa muda wote unaotakiwa, akapima maji yale yale: rangi ilikaa kati ya kiraka cha 20 na cha 40. Kwa kusoma 5 wangesubiri wiki nyingi bila kubadilisha maji. Sasa wanabadilisha robo kila Ijumaa asubuhi.